Arusi ya Adeni na Safari ya Hamburg

Tarehe 30 Mei mwaka wa 1867, mambo manne ambayo katika maisha ya watu wengi hutengwa na miaka, au kwa uchache na miezi, yalimpata mwanamke mmoja kwa siku moja katika bandari ya Adeni. Mwanamume aliyekuwa akimngojea kwa muda wa miezi tisa alishuka melini. Kisha mwanamke huyo alibatizwa, akapewa jina jipya la Emily. Alipokwisha kubatizwa aliolewa. Na kabla siku haijakwisha alikuwa amekwisha kuondoka pamoja na mumewe na mtoto wao mchanga, kwenda nchi asiyopata kuiona, ambayo lugha yake hakuijua.

Mwanamke huyo alikuwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Jina la baba yake halihitaji maelezo marefu kwa watu wa Kenya. Ndiye aliyeutwaa mji wa Mombasa kutoka mikononi mwa Mazrui mwaka wa 1837, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi uliendelea kuhesabiwa kuwa milki ya wazao wake mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963. Mumewe alikuwa Bwana Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Bibi alikuwa na umri wa miaka 22, bwana miaka 28, na mtoto hajatimiza miezi sita.

Habari za Bibi Salme zimesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi zimepambwa kama hadithi ya mapenzi ya jumba la kifalme. Lakini mtu akizitazama zile wiki chache tu, tangu mwisho wa Mei mpaka Juni ya mwaka ule, ataona jambo lililo karibu zaidi na maisha ya watu wa kawaida: jamaa ndogo ya watu watatu, inayohama kwa haraka, isiyo na mzee wa kuiongoza wala ndugu wa kuisindikiza.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lililojengwa ufukoni kaskazini ya mji wa Unguja. Magofu yake yangali yakionekana. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Kicherkasi, aliyetekwa kwao angali mtoto. Jumba lile lilikuwa kama kijiji kizima: masuria na watoto, wageni na watumwa, na katika ua tausi na paa wakitembea huru. Kiarabu, Kiswahili, Kihabeshi na Kicherkasi vilisikika humo kwa siku moja. Mabinti wa nyumba hiyo walifundishwa kuisoma Kurani, lakini kuandika hakukuhesabiwa kuwa kazi ya mwanamke. Bibi Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ilimponza mapema. Sayyid Said alikufa baharini mwaka wa 1856, akiwa njiani kurudi kutoka Oman, na watoto wake wakagawana nchi na pia ugomvi. Sayyid Majid alitawala Unguja. Mdogo wake, Sayyid Barghash, alitaka kumpindua. Katika njama ya mwaka wa 1859 waasi walihitaji mtu wa kuwaandikia barua, na mwandishi wao akawa msichana wa miaka kumi na mitano. Uasi ulishindwa, Wazungu wa manowari za Kiingereza wakiwa upande wa Sayyid Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka huo huo kipindupindu kilimwua mama yake Salme. Sayyid Majid alimsamehe dada yake, jambo ambalo watawala wengi wa siku zile wasingelifanya. Lakini alipopatana na Majid, upande wa Barghash ulimwona kuwa msaliti. Hata dada yake Khole, aliyempenda kuliko wote, alimwepuka. Hivyo katika mji uliojaa ndugu zake kwa makumi, binti huyu aliishi karibu peke yake.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya Bwana Ruete. Yeye alikuwa wakala wa kampuni ya Hansing, mojawapo ya kampuni za Hamburg zilizokuwa zimeweka maskani Unguja. Wadachi, kama walivyoitwa pwani, walikuwa na mkataba wa biashara na Unguja tangu mwaka wa 1859. Walinunua karafuu, pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, na walipata faida kubwa kwa kupeleka kauri za pwani hii mpaka Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Nyumba za Mji Mkongwe zimesongamana, na dari ya nyumba ya mfanya biashara ilikuwa chini kidogo kuliko ya Bibi Salme. Kutoka kwake aliweza kuona karamu ambazo jirani aliwaandalia wageni wake, jinsi Wazungu wanavyokaa mezani na kula. Bwana Ruete alijua Kiswahili. Kutoka kutazamana wakafika kusalimiana, na kutoka kusalimiana wakafika kupendana.

Katikati ya mwaka wa 1866 Bibi Salme alikuwa mja mzito. Wasomaji hawana haja ya kuambiwa maana yake. Mwanamke Mwislamu hawezi kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu. Kuzaa nje ya ndoa ni aibu katika nyumba yoyote, na katika nyumba ya mtawala ni zaidi ya aibu. Maisha yake yalikuwa katika hatari. Na hatari haikuwa yake peke yake, maana wafanya biashara wa Kizungu nao walihofu kwamba ghadhabu ya mji ingaliweza kuwaangukia wote kwa kosa la mmoja.

Aliokolewa na desturi ya wananchi wenyewe. Mwaka wa Waswahili, ambao siku hizi husherehekewa mwezi wa Julai, katika miaka ile uliangukia Agosti, kwa kuwa ni mwaka wa siku 365 tu usioongezwa siku kila mwaka wa nne kama kalenda ya Kizungu, na hivyo hurudi nyuma polepole. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanawake walitoka majumbani kwenda kukoga baharini, na hapakuwa na mtu wa kushangaa akiona bibi wa heshima yuko pwani saa za giza. Usiku huo, mwishoni mwa Agosti 1866, Bibi Salme alifika ufukoni na hakurudi. Mashua ilimchukua mpaka manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, nayo ikang'oa nanga kuelekea Adeni. Mke wa kaimu balozi wa Kiingereza alikuwa miongoni mwa waliompangia safari.

Adeni ulikuwa mji wa Waingereza tangu mwaka wa 1839, nao ulitawaliwa kutoka Bombay. Mabaharia wa pwani yetu waliujua vizuri: miamba myeusi ya mlima wa moto uliokufa, jua kali, maji haba yaliyokingwa katika mabirika ya kale, na makaa ya mawe yaliyolundikwa kwa ajili ya meli. Kwa mtu aliyekulia Mtoni, mahali penye mto, michungwa na mikarafuu, ulikuwa mji mkavu kweli kweli. Bibi Salme alikaribishwa na mume na mke Wahispania aliowafahamu tangu Unguja. Huko alifundishwa dini ya Kikristo, na huko, tarehe 7 Desemba 1866, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipewa jina la baba yake, Heinrich.

Baba mwenyewe hakuwapo. Alibaki Unguja ili kufunga hesabu zake na kukabidhi kazi, na hapa pana jambo linalopasa kutajwa kwa sifa ya Sayyid Majid. Alikuwa na nguvu ya kumwadhibu mgeni huyo, au angalau kumwachia mtu mwingine afanye hivyo, naye yeye mwenyewe angenawa mikono. Hakufanya. Bwana Ruete alikaa mjini miezi mingi, akauza na kununua, akadai madeni yake, na hakuguswa. Bibi Salme hakuusahau wema huo, na alipoandika kitabu chake miaka ishirini baadaye alimsifu ndugu yake waziwazi.

Lakini kwa mwanamke aliye Adeni, mwenye mimba na kisha mwenye mtoto, wema wa Majid haukufupisha siku. Barua zilitegemea meli, na meli zilitegemea makaa na pepo. Agosti mpaka Mei ni miezi tisa. Aliyewahi kumngoja mtu aliyeahidi kuja, huku majirani wakihesabu naye, hatahitaji kuelezwa.

Bwana Ruete alifika tarehe 30 Mei. Hakuna aliyetaka kungoja tena. Ubatizo na ndoa vilifanyika siku ile ile katika kanisa la Kiingereza, na jamaa wakaingia melini.

Si rahisi kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki kuitazama arusi hiyo bila kuona yaliyopungua. Binti wa Sayyid Said angaliolewa Unguja, angalifungiwa ndani siku kadha wa kadha, akasingwa, akapakwa hina mikono na miguu, nguo zake zikafukizwa udi na ambari. Kungwi angalimfunza. Mahari ingalitajwa mbele ya mashahidi, na walii wake, ambaye baada ya kufa baba yao alikuwa ndugu yake, angaliutoa mkono wake. Wageni wangalikula siku nyingi, na maskini wa mji wangalipata sehemu yao. Adeni hapakuwa na walii, wala mahari iliyojadiliwa na wazee, wala shangazi wa kulia na kucheka. Palikuwa na padre, mashahidi wachache na meli inayongoja. Watu wengine husema kwamba arusi ya haraka ni nafuu kwa mfuko, na ni kweli. Lakini zile siku nyingi za shughuli zina kazi yake. Zinawapa watu wa pande mbili nafasi ya kujuana, ili siku ya msiba wajue mlango wa kubisha. Jamaa hii iliondoka Adeni bila mlango kama huo, na msiba ulikuwa umbali wa wiki chache tu.

Safari ya Ulaya wakati ule haikuwa ya meli moja. Mfereji wa Suez ulikuwa ukichimbwa tangu mwaka wa 1859, lakini ulifunguliwa Novemba 1869, na kwa hiyo abiria aliyetoka Adeni alipanda Bahari ya Sham kwa meli, akashuka Suez, akavuka nchi ya Misri kwa gari la moshi mpaka Aleksandria, na hapo akapanda meli nyingine ya kuvuka Bahari ya Kati. Reli ya kutoka Aleksandria mpaka Kairo ilikuwa imekwisha mwaka wa 1856, na ya kutoka Kairo mpaka Suez mwaka wa 1858. Mizigo ilishushwa na kupakiwa, kupakiwa na kushushwa. Bahari ya Sham, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000, ina joto kali hasa miezi ile. Unguja wakati huo masika yanakwisha, kipupwe kinaanza, na upepo wa kusi unaleta baridi ya kupendeza. Katika bahari ile nyembamba, iliyobanwa kati ya majangwa mawili, hewa husimama kama ya tanuri.

Kumbuka pia mambo madogo. Mama huyu alikuwa amezoea tangu utoto kuvaa barakoa mbele ya wanaume wasiokuwa ndugu zake. Sasa ilimpasa kukaa uso wazi kati ya wageni, katika nguo za Kizungu zenye vifungo na vikazo. Alikuwa amezoea watumwa wa kumhudumia kwa kila jambo. Hilo halina haja ya kufichwa: mashamba ya karafuu yaliyowalisha watu wa jumba lake yalilimwa na watumwa, na hata baadaye aliandika maneno ya kuutetea utumwa ambayo yanachukiza kuyasoma. Katika meli ile hapakuwa tena na jeshi la watumishi. Mtoto wa miezi sita alikuwa mikononi mwake.

Walishuka Marseille, bandari kubwa ya kusini ya Ufaransa, wakashika njia ya reli kwenda kaskazini. Reli hiyo hufuata bonde la mto Rhone mpaka Lyon, na kutoka Lyon mpaka Paris ni kilomita zipatazo 500. Ulikuwa mwanzo wa kiangazi, wakati ambapo nchi ile hupendeza macho: mizabibu ina majani mabichi, ngano inaanza kugeuka rangi. Paris yenyewe mwaka ule ilikuwa imejaa wageni, kwa kuwa Maonyesho Makubwa ya Dunia yalikuwa yamefunguliwa mwezi wa Aprili, na wafalme na wakuu wa nchi nyingi walikuwa wakija kuyatazama.

Mtoto Heinrich hakufika Paris. Alikufa njiani, kati ya Lyon na Paris.

Mtu aliyepata kusafiri usiku kucha katika gari la moshi na mtoto mgonjwa anajua jinsi vituo vinavyokuwa mbali. Na hapa palikuwa na zaidi ya hayo. Yule mtoto ndiye aliyekuwa sababu ya mambo yote: kwa ajili yake mama aliiacha nchi, dini, ndugu na mali. Kama asingalikuwamo tumboni, pengine wale wawili wangalitazamana kutoka dari zao mwaka mmoja au miwili, kisha Bwana Ruete angalirudi kwao kama wakala wengine, na mambo yangalikwisha. Sasa mama alikuwa amekwisha kuolewa na amekwisha kubatizwa, hana njia ya kurudi, na yule aliyemtoa nyumbani hayupo tena. Katika behewa lile palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kusema naye kwa lugha anayoifahamu. Mume na mke walisemezana kwa Kiswahili, na tunaweza kuamini kwamba kilio chao cha kwanza cha ndoa kililiwa kwa Kiswahili, katikati ya Ufaransa.

Desturi za kwao zingalimpa nini? Wanawake wangalikaa naye matangani. Majirani wangalipika ili jiko lake lisiwashwe. Kurani ingalisomwa. Mtu angalimwambia kila siku maneno yale yale ya kumtuliza, ambayo hayana jipya lakini humfikisha mtu hadi kesho. Siku chache baada ya kufiwa, Bibi Ruete aliingia katika mji wa Hamburg kama bibi arusi, na watu wa upande wa mume walimtazama kwa hamu kuona binti wa Sultani alivyo.

Hamburg, katika mwezi ule wa Juni, ulikuwa mji huru wa wafanya biashara, wenye serikali yake na bendera yake, ingawa ulikuwa ukiingia katika Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini, ambalo katiba yake ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1867. Bandari yake iko juu ya mto Elbe, mbali na bahari. Jua la Juni huchelewa sana kuzama, na mtu wa Unguja, aliyezoea kuona giza likiingia karibu saa ile ile mwaka mzima, hustaajabu kuona mwanga wakati wa kulala. Bwana Ruete alimpeleka mkewe kukaa Uhlenhorst, mtaa mzuri kando ya ziwa la Alster.

Nyumba ilikuwa njema, lakini namna ya kuikalia ilikuwa ngeni. Kwao milango ilikaa wazi mchana kutwa, na upepo ulipita uani na barazani. Hamburg kila chumba kilikuwa na mlango wake, na kila mlango ulifungwa. Asubuhi bwana alikwenda ofisini, akarudi jioni. Kati ya saa hizo mbili bibi alikaa na watumishi asioweza kuwaamuru na wageni asioweza kuwajibu. Alijifunza Kijerumani kama alivyojifunza kuandika, yaani kwa juhudi yake mwenyewe, na kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Katika barua alizoandika baadaye, zilizochapishwa mwaka wa 1993, alieleza upweke wa siku hizo bila kujipendekeza. Alikiri pia kwamba ubatizo haukuwa umeuingia moyo wake, na kwamba kwa siri aliendelea kuielekea dini ya utoto wake. Watu wa pande zote mbili wamemlaumu kwa hilo. Lakini mtu aliyebadili dini, jina, nguo na ndoa katika mchana mmoja, kisha akamzika mtoto kabla mwezi haujakwisha, ni vigumu kuona ni lini angalipata nafasi ya kutulia na kuamua anachoamini.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa na baraka zake. Binti wao Antonie alizaliwa Machi 1868, mtoto wa kiume Rudolph Said Aprili 1869, na Rosalie Aprili 1870. Watoto walipewa pia majina ya upande wa mama: jina la pili la Antonie lilikuwa Thawka, na la Rosalie Ghuza. Ndoa ilikuwa ya mapenzi ya kweli. Hakuna ushahidi wowote kwamba mmoja wao alijuta kwa ajili ya mwenziwe. Kisha, mwanzo wa Agosti 1870, Bwana Ruete aliruka kutoka katika tramu ya kukokotwa na farasi, akaanguka, nayo ikampita juu. Alikufa tarehe 6 Agosti. Mkubwa wa watoto alikuwa na miaka miwili, mdogo hakuwa na miezi minne. Miezi miwili baadaye, Oktoba, Sayyid Majid naye alikufa Unguja, na aliyeshika ufalme akawa Barghash, ndugu asiyesamehe. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mjane huyu alifungiwa mlango wa Hamburg na wa Unguja pia.

Alijaribu kuufungua ule wa Unguja. Sayyid Barghash alipozuru London katika kiangazi cha mwaka wa 1875, dada yake alivuka bahari kwenda kumwona, lakini wakubwa wa Kiingereza, wakiogopa kumwudhi mgeni wao, walimzuia kwa ahadi za kuwatunza watoto wake, na ahadi hizo hazikutimizwa. Mwaka wa 1885 alifika Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, wakati Ujerumani ilipokuwa ikimlazimisha Barghash akubali kupokonywa bara. Watu wa mji walimpokea kwa furaha, wakimwita kwa jina lake la zamani, Sultani hakumtazama. Urithi aliokuja kuudai hakuupata, maana kwa sheria aliyeiacha dini hana fungu. Na kwa kweli haikuwa vigumu kuona kwamba serikali ya Kijerumani ilimleta kwa manufaa yake yenyewe, na ilipomaliza haja yake haikumhangaikia tena. Alirudi mara nyingine mwaka wa 1888, baada ya Barghash kufa, na hakufaulu zaidi.

Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886, nazo zinahesabiwa kuwa miongoni mwa maandiko ya kwanza ya maisha yaliyoandikwa na mwanamke Mwarabu. Ndani yake msomaji atakuta Mtoni na mabirika yake ya kuogea, vyakula, dawa, arusi, mazishi, ugomvi wa ndugu, hata namna ya kuwalea watoto wachanga wa jumbani. Kukimbia kwake kumepewa nafasi fupi, na arusi ya Adeni mistari michache tu. Mtoto aliyezaliwa Adeni hakutajwa. Wengine wamesema alimficha kwa sababu ya aibu, na huenda aibu ilikuwamo, kwa kuwa alizaliwa kabla ya ndoa. Lakini katika barua zile za baadaye, ambazo hakuziandika kwa ajili ya kupigwa chapa, na ambamo hakujifichia mengi, napo ni kama kwamba kalamu yake iliikwepa njia ya Lyon na Paris.

Mtoto wake Rudolph Said alikua, akawa mtu wa elimu, na mwaka wa 1929 alitoa huko London kitabu cha historia ya babu yake, Sayyid Said. Bibi Salme hakukiona. Baada ya miaka mingi ya kukaa Beirut alirudi Ujerumani, akafa katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, mahali alipozikwa mumewe. Katika vitu alivyoacha ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.